Duru, Zamu na Zimwi: Kuueleza Mchezo wa Video kwa Msomaji wa Kalemie

1.0 Utangulizi

Neno "zamu" ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayoonekana mepesi mpaka yavuke ziwa. Huko Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, zamu ni nafasi ya mtu katika jambo linalofanywa kwa kupokezana: zamu ya kupika, zamu ya kuteka maji, daktari wa zamu. Mashariki ya Kongo, na vilevile nchini Burundi, zamu ni mtu: ni mlinzi akeshaye mlangoni. Maana hizi mbili ni ndugu, kwani aliye zamu usiku ndiye alindaye, na si ajabu jina la kazi likamhamia mtendaji wake. Hata hivyo, mgeni kutoka pwani akimwambia mwenyeji wake "zamu yako imefika", mwenyeji huyo huenda akachungulia dirishani kumtazama mlinzi.

Tofauti hiyo haina madhara makubwa sokoni, ambako muktadha huondoa utata. Huwa na uzito pale istilahi inapoundwa, kwa sababu istilahi hutakiwa isomeke bila kuwapo mtu wa kuifafanua. Makala haya yanaitazama hali hiyo kwa kutumia mfano mmoja mahususi, yaani michezo ya video ya zamani ambamo mchezaji huketi mbele ya televisheni na kupiganisha mazimwi, si kwa wepesi wa vidole bali kwa uamuzi anaoutoa hatua kwa hatua. Kwanza yataeleza jinsi michezo hiyo ilivyozaliwa na jinsi inavyofanya kazi. Kisha yatauliza maneno gani yanafaa kuielezea kwa msomaji aliye Kalemie. Hoja kuu ni kwamba istilahi njema hufuata utendaji wa kitu kabla ya kufuata jina lake la kigeni, na kwamba hapana budi ipimwe mbali na mahali ilipoundwa.

2.0 Kalemie na Kiswahili chake

Mji wa Kalemie uko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, pale Mto Lukuga unapotoka ziwani kuelekea Lualaba. Wakati wa utawala wa Kibelgiji uliitwa Albertville. Tangu mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa, mji huo ni makao makuu ya Jimbo la Tanganyika. Kiswahili si mgeni huko. Kilifika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyovuka ziwa kutoka Ujiji, kikakuta Watabwa, Waholoholo, Waluba na wengineo. Kusini ya Kalemie, kituo cha Mpala kilianzishwa mwaka 1883, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa wamisionari wa Shirika la White Fathers, ambao nao walikitumia Kiswahili katika kazi zao.

Kiswahili kilichokua katika mazingira hayo kina sura yake. Kiambishi "ba-" husikika pahali pa "wa-", kiambishi "ka-" hudogosha, na msamiati wa mambo ya kisasa aghalabu hutoka katika Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai, ilhali Kifaransa ndiyo lugha rasmi. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kalemie huishi kwa Kiswahili na kusoma elimu ya juu kwa Kifaransa. Mwaka 2022 nchi yake ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiswahili kina nafasi ya pekee. Tangu hapo, swali la iwapo istilahi zilizoundwa mashariki ya ziwa zinaeleweka magharibi yake limekuwa swali la vitabu, mitihani na ajira. Si la wanaisimu peke yao.

3.0 Asili ya michezo hii

Mchezo wa video wa kupiganisha mazimwi una mizizi nje ya kompyuta. Mwaka 1974 kilichapishwa nchini Marekani Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo watu hujifanya mashujaa, huamua matendo yao katika kila hatua, kisha hurusha dadu ili kujua matokeo. Mwaka 1981 ulitokea Wizardry, mchezo wa kompyuta uliofuata mfano huo. Wabunifu wa Japani waliupenda, lakini waliona kwamba kompyuta hazikuwamo katika nyumba nyingi. Kilichokuwamo ni mashine ya michezo ya kuunganishwa na televisheni.

Mashine hiyo ni Famicom ya kampuni ya Nintendo, iliyotolewa Japani tarehe 15 Julai 1983. Michezo yake iliuzwa katika kaseti za plastiki zilizochomekwa juu ya mashine. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu, kiasi kisichotosha kuhifadhi hata maandishi ya makala haya. Aidha, ilikuwa na mpaka mwingine: vipande vidogo vya picha vinavyoweza kutembea juu ya kioo havikuzidi 8 katika mstari mmoja wa mlalo. Vikizidi, vingine havichorwi, na mtazamaji huona picha inayopepesa.

Katika mazingira hayo, kupambana na dubwana kubwa linalorukaruka kulikuwa kazi ngumu kwa mashine. Kulikuwa rahisi zaidi kulichora dubwana likiwa limesimama tuli, kisha kuyaacha maandishi yaseme limefanya nini. Katika Final Fantasy ya mwaka 1987, mathalani, mazimwi huchorwa kama sehemu ya mandhari ya nyuma, nao mashujaa wadogo tu ndio watembeao. Pigano likawa mfano wa masimulizi: sentensi moja inaeleza pigo, sentensi nyingine inaeleza jeraha. Ufinyu wa mashine ulisaidia kuipa fasihi nafasi.

Mchezo ulioipa namna hii umaarufu ni Dragon Quest, uliotolewa na kampuni ya Enix tarehe 27 Mei 1986. Mbunifu wake alikuwa Yuji Horii, na mazimwi yake yalichorwa na Akira Toriyama. Mchezaji ana shujaa mmoja, naye hukutana na zimwi moja kwa wakati mmoja. Mbele yake huwa na amri nne: kupiga, kutumia uchawi, kutumia kifaa au kukimbia. Kwa kuwa kaseti ya Kijapani haikuwa na betri ya kutunzia kumbukumbu, mchezaji aliyetaka kupumzika alipewa maneno ya kunakili, herufi 20 za Kijapani zilizopangwa kwa vipande vya 5, 7, 5 na 3. Kesho yake aliyaandika tena, na shujaa wake akafufuka pale alipoachwa. Anayejua mizani ya shairi la Kiswahili ataelewa mara moja kwa nini herufi zilipangwa hivyo: vipande vitatu vya mwanzo hufuata mizani ya ushairi wa Kijapani, na kilicho na mizani hunakilika na kukumbukika.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumgeuza zimwi kutoka adui kuwa mwenzi. Katika Megami Tensei ya mwaka 1987, mchezaji aliweza kuzungumza na mashetani na kuyashawishi yajiunge naye. Katika Dragon Quest V ya mwaka 1992, baadhi ya mazimwi yaliyoshindwa yalimfuata shujaa. Tarehe 27 Februari 1996 ukatoka Pokémon, uliobuniwa na Satoshi Tajiri na wenzake kwa mashine ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy, ukiwa na aina 151 za viumbe. Viumbe hao walihamia katika televisheni ya nyumbani kwa Pokémon Stadium ya Nintendo 64. Mchezo huo uliuzwa pamoja na kifaa kilichoingiza kaseti ya Game Boy katika mashine kubwa, hivi kwamba mtoto aliweza kuwaleta viumbe aliowalea mwenyewe wakapigane na wale wa jirani yake.

4.0 Pigano hutendekaje

Ili kujua istilahi gani inafaa, yafaa utendaji wenyewe ueleweke. Chukulia wachezaji wawili, Mashaka na Furaha. Kila mmoja ana kundi la mazimwi, lakini ni zimwi moja tu la kila upande lililo uwanjani. Kila zimwi lina kiasi cha uhai, kiasi cha wepesi, na asili yake: moto, maji, nyasi na kadhalika. Asili hizo huzungukana. Moto huteketeza nyasi, maji huzima moto, nyasi hufyonza maji. Pigo linalomkuta aliye dhaifu mbele yake huongezwa maradufu, na linalomkuta aliye imara hupunguzwa nusu.

Tuseme Mashaka ana zimwi la moto na Furaha ana zimwi la nyasi, na kila pigo lina nguvu 20 kabla ya asili kuhesabiwa. Moto ukilipiga la nyasi, uhai unaopotea ni 40. Nyasi ikilipiga la moto, uhai unaopotea ni 10. Kwa hesabu hiyo Furaha hana matumaini. Lakini sheria humruhusu aliondoe zimwi la nyasi na kuliingiza la maji, na mabadiliko hayo hutangulia mapigo yote. Akifanya hivyo, pigo la moto la Mashaka litaangukia maji, nalo litaondoa uhai 10 tu pahali pa 40. Katika duru itakayofuata, Furaha ndiye atakayekuwa na nguvu.

Hapa ndipo kiini cha mchezo kilipo. Mashaka naye anaijua sheria hiyo. Akihisi kwamba Furaha atabadilisha, hatapiga kwa moto. Ataingiza zimwi lake la nyasi ili limngojee yule wa maji. Furaha akihisi kwamba Mashaka amehisi, hatabadilisha kabisa. Kila mmoja huamua kwa siri, bila kujua mwenzake ameamua nini, na uamuzi wa wote wawili hufunuliwa pamoja. Baada ya kufunuliwa, zimwi lenye wepesi zaidi hupiga kwanza. Mwishowe huja nasibu: katika Pokémon za mwanzo, nguvu ya pigo huzidishwa kwa kiasi kinachobahatishwa kati ya asilimia 85 na 100, ili hesabu isiwe na uhakika kamili.

5.0 Zamu au duru?

Michezo hii huitwa kwa Kifaransa michezo ya "tour par tour". Mfasiri mwenye haraka atasema "michezo ya zamu kwa zamu", na hatakuwa amekosea kamusi. Maelezo ya hapo juu, hata hivyo, yanaonyesha kwamba atakuwa amekosea mchezo.

Zamu halisi ni ile ya bao. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, mmoja hucheza akamaliza ndipo mwenzake acheze. Hakuna kilichofichwa: kete zimelala mbele ya wote, na anayefuata hujibu alichokiona. Hali ni hiyohiyo katika kisolo, mchezo wa jamaa hiyohiyo unaochezwa na Waluba kwa safu nne za mashimo. Hali ni hiyo pia katika vitendawili, ambako mmoja hutega na mwingine hutegua, na katika majibizano ya washairi, ambako beti za pili huzaliwa na beti za kwanza. Kujibu ndiyo roho ya zamu.

Pigano la mazimwi ni kinyume chake. Hakuna anayejibu, wote husema kwa pamoja. Linafanana zaidi na upigaji kura, ambapo kila mtu huamua peke yake nyuma ya pazia, kisha karatasi huhesabiwa hadharani. Kwa jambo hilo Kiswahili kina neno tayari: "duru". Idhaa za Kiswahili husema "duru ya pili ya uchaguzi", na Wakongo waliipiga kura ya duru ya pili ya urais tarehe 29 Oktoba 2006, kabla ya katiba yao kurekebishwa mwaka 2011 na kubakiza duru moja. Wapenda kandanda nao huijua duru ya kwanza na ya pili ya ligi. Duru ni mzunguko unaowahusu wote na unaofungwa kwa matokeo.

Kwa hiyo, neno la Kifaransa "tour" hubeba dhana mbili zinazotofautishwa vyema na Kiswahili. Mfasiri anayelifuata neno huipoteza tofauti hiyo. Anayeufuata utendaji huipata bila gharama. "Mchezo wa duru" unafaa kwa Pokémon, na vilevile kwa Dragon Quest II na Final Fantasy, ambamo mchezaji huwapa mashujaa wake wote amri kabla ya pigo la kwanza. "Mchezo wa zamu" ubakie kwa bao, kisolo na sataranji. Tena, kwa bahati njema, "duru" huepuka ule utata uliotajwa mwanzoni: haimwiti mlinzi yeyote.

6.0 Zimwi, jini au nyama?

Dhana ya pili iliyo ngumu ni kiumbe mwenyewe. Neno la kwanza linalojitokeza ni "jini". Tatizo lake ni kwamba jini, kwa waumini wengi, si kiumbe wa kubuni. Kumweka ndani ya mchezo wa watoto ni kuingiza mjadala wa dini mahali usipohitajika. Pingamizi hilohilo linayahusu majina ya kienyeji ya kando ya ziwa. Watabwa huwaita "ngulu" pepo wa ardhi, wakaao milimani, mapangoni na penye maji. Kulichukua jina hilo kwa ajili ya mchezo kungekuwa kukosa adabu.

Neno "mnyama" halina pingamizi la imani, lakini lina tatizo la lahaja. Katika Kiswahili cha Katanga, "nyama" humtaja mnyama mzima na kitoweo pia. "Kupiganisha nyama" kungezua kicheko, nacho kicheko ni adui wa istilahi. "Dubwana" hutaja ukubwa, ilhali viumbe wengi wa michezo hii ni wadogo kama paka.

Limebaki "zimwi". Katika ngano, zimwi hula watu, hujigeuza umbo, na humfungia msichana ndani ya ngoma ili aimbe. Mtu aweza kusema kwamba kiumbe wa namna hiyo hafugiki, kwa hiyo jina halifai. Hoja hiyo hujibiwa na lugha yenyewe. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii inakubali kwamba kati ya mtu na zimwi pana uwezekano wa kujuana, na kwamba kujuana huko hupunguza madhara. Mabadiliko yaliyotokea kati ya mwaka 1986 na 1996, kutoka zimwi la kuuawa hadi zimwi la kulelewa, yamo ndani ya methali hiyo tangu zamani. "Zimwi" linafaa, na pale inapobidi kutofautisha, "zimwi mwitu" na "zimwi mfugwa" yatatosha.

Istilahi nyingine hazihitaji ubishi mwingi. "Uhai", "wepesi", "pigo", "asili", "daraja" na "nasibu" ni maneno yaliyomo katika matumizi, na kila moja hueleza kazi yake bila msaada. Kwa "kaseti" hakuna haja ya kuunda lolote.

7.0 Kuipima istilahi

Historia ya istilahi za Kiswahili ina funzo ambalo halipaswi kusahauliwa. Mashine ya kuhesabia ilipofika, baadhi ya wataalamu walipendekeza "ngamizi", wengine "tarakilishi". "Tarakilishi" limeundwa kwa ustadi kutokana na neno tarakimu, na bado hutumika, hasa nchini Kenya. Hata hivyo, neno lililoenea kwa wingi ni "kompyuta". Ustadi wa muundaji haukutosha; watumiaji ndio walioamua.

Kwa kuwa watumiaji ndio waamuzi, yafaa waulizwe mapema. Njia ni rahisi na haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi wa Kalemie asiyeujua mchezo apewe maelezo ya ukurasa mmoja yaliyoandikwa kwa istilahi zinazopendekezwa, kisha amweleze mwenzake jinsi pigano linavyokwenda. Akisema kwamba wachezaji huamua pamoja kwa siri, "duru" imefanya kazi yake. Akisema kwamba mmoja hungoja mwenzake amalize, neno halijafika. Akitafuta mlinzi katika mchezo, basi "zamu" imepenya mahali isipotakiwa. Zoezi hilohilo lifanywe Kigoma na Unguja, na majibu yalinganishwe. Neno lililofaulu kote lipewe nafasi ya kwanza kamusini. Lililofaulu upande mmoja liandikwe pamoja na mahali linapotumika, bila kuitwa kosa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mchezo wa kupiganisha mazimwi, ingawa ulizaliwa mbali, hauhitaji lugha ya kuazima ili uelezwe. Mashine yenye kilobaiti 2 ilisaidia kuyafanya mapigano kuwa masimulizi, na Kiswahili kina hazina kubwa ya masimulizi. Kilichohitajika ni kuutazama mchezo unavyotendeka, kutenganisha kujibu na kuamua pamoja, na kuyapa maneno "zamu" na "duru" kila moja kazi yake.

Mfano huu ni mdogo, lakini kanuni yake ni pana. Hapo istilahi za benki, za afya au za sheria zitakapovuka ziwa, makosa hayatakuwa ya kuchekesha. Mgonjwa aliyeelekezwa kwa "mganga wa zamu", au mkulima aliyetia saini mkataba wenye neno lililobadilika maana njiani, hatapata nafasi ya kucheza upya. Kiswahili kimoja chenye wasemaji pande zote za Tanganyika hujengwa kwa kusikilizana, na kusikilizana huanza pale mwunda istilahi wa pwani anapokubali kwamba neno lake halijakamilika mpaka lisikike Kalemie.